Sayari Inayoanguka Polepole

Mwaka wa sayari WASP-12b huisha kwa saa 26 tu. Sayari hiyo iliyotangazwa mwaka 2008 ni kubwa kuliko Mshtarii, na kati yake na nyota yake pana kilomita takriban milioni 3.4, ilhali Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwa Jua. Mwaka huo mfupi unazidi kufupika, milisekunde 29 hivi kila mwaka wa kwetu.

Kidogo hicho hujilimbikiza. Baada ya miaka 10, sayari hupita mbele ya nyota yake takriban dakika 8 kabla ya wakati. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 viliondoa shaka: inaanguka, na imebakiza miaka milioni 3 hivi.

Kinachoiangusha ni mvuto ule ule unaojaza na kupwesha bahari; wavuvi wa Pwani wanaujua kwa bamvua na maji mafu. Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo huugawia Mwezi momenta yake ya mzunguko, nao husogea mbali sentimita 3.8 kwa mwaka. Kwa WASP-12b ni kinyume: sayari ndiyo yenye mbio, nayo ndiyo inayotoa.

Nyota huipokeaje momenta hiyo? Hapa ndipo penye utamu. Nyota za aina ya Jua zina tabaka la nje la myuko, ambamo gesi moto hupanda na iliyopoa hushuka. Chini yake kuna tabaka tulivu la mnururisho. Sayari inapoutikisa mpaka wa matabaka hayo, gesi nzito huinuliwa, hurudi chini, hupitiliza, kisha huinuka tena. Hayo ndiyo mawimbi ya ndani. Huelekea kitovuni, na kwa kuwa nafasi inazidi kuwa finyu, hukua hadi yakavunjika. Yakishavunjika, momenta hubaki papo hapo: kitovu huongeza kasi, na gesi hiyo yenye kasi humeza mawimbi yanayofuata.

Katika nyota kubwa njia hugeuka. Mfaransa Jean-Paul Zahn alieleza mwaka 1975 kwamba humo myuko uko kiinini, hivyo mawimbi huenda nje na kufifia karibu na uso.

Kuhusu WASP-12, nyota ya sayari yetu, wataalamu wanabishana kama nyota hiyo ingali na kiini cha myuko, ambacho kingeyarudisha mawimbi kabla hayajavunjika. Saa ndiyo shahidi wao mkuu, na hata wapenzi wa anga wenye darubini ndogo na kamera wanaweza kupima mpito wa sayari hii. Kundinyota la Auriga, ambamo nyota hiyo imo, huonekana vizuri Afrika Mashariki mwezi Desemba na Januari. Mwenye kifaa na ajaribu.