Hoteli ya Mnara wa Saa Arusha: kweli ni ya 1894?

Ukifika Mnara wa Saa jijini Arusha, The Arusha Hotel iko hapo hapo. Wenyeji wengi wanaijua kama New Arusha. Siku hizi ina jina la Four Points by Sheraton, na bustani yake inashuka hadi Mto Themi.

Inajitangaza kuwa ya mwaka 1894. Hapo ndipo hesabu inagoma. Wajerumani waliiteka Arusha mwaka 1896, na Boma lao lilijengwa mnamo 1900. Sasa 1894 mgeni gani alilala hapo, katikati ya mashamba ya Waarusha?

Boma leo ni makumbusho, mwendo mfupi tu kwa miguu. Nenda ukalinganishe mwenyewe.