TUCHIMBUE KWANZA, TUJENGE BAADAYE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliwaambia wafanyabiashara, lakini mimi naona methali hii yawafaa hata wajenzi. Mpenzi msomaji, nitegee sikio nikueleze habari za mtaa mmoja wa Uingereza.

Mtaa wenyewe waitwa Coppergate, katika mji wa York. Mnamo 866 Mavikingi kutoka Skandinavia waliuteka mji huo, wakauita Jorvik. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kiwanda cha peremende kilichokuwa hapo kilibomolewa ili pajengwe maduka. Kabla ya saruji kumwagwa, wataalamu wa akiolojia chini ya Richard Hall walipewa nafasi wachimbue. Walianza 1976, wakamaliza 1981.

Usidhani walichimba kama tunavyochimba choo! Watu wa mjini hujenga juu ya vifusi na takataka za waliotangulia, kwa hivyo ardhi huwa na matabaka. La juu ni la juzi, la chini ni la kale. Mchimbaji huondoa tabaka moja moja kwa mwiko kama wa mwashi. Kila kitu huandikwa kilitoka wapi na kilikaa na nini, kisha huchorwa na kupigwa picha. Udongo nao huchekechwa ili shanga na mifupa ya samaki isipotee. Ukiondoa tabaka bila kuandika, ndio basi. Halirudi tena.

Walipata nini? Vitu kama 40,000! Udongo wa pale ni wa majimaji usio na hewa, kwa hivyo mbao, ngozi na nguo hazikuoza. Walikuta kuta za fito zilizosukwa, viatu vya ngozi, vitana, kofia ya hariri na vikombe vya mbao vilivyokerezwa. Kumbe jina Coppergate maana yake ni mtaa wa watengeneza vikombe! Kulikuwa pia na kauri ya aina inayoishi Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Hebu fikiria safari yake!

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa hayo matakataka yana faida gani, na watu wanataka maduka?" Maduka yalijengwa vilevile, na chini yake kikafunguliwa kituo cha maonyesho cha Jorvik mwaka 1984. Mamilioni ya watu wamekitembelea kwa kiingilio. Isitoshe, wafalme waliandikwa vitabuni, lakini fundi viatu hakuandikwa na mtu. Daftari lake ni udongo.

Na sisi je? Mjini kwetu tingatinga huingia asubuhi, na jioni vifusi vimeshatupwa. Nani aliyetazama? Sheria ya Kenya ya 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha kale aarifu Makumbusho ya Taifa. Basi wanachama wenzangu, mkiona vigae au shanga za kale katika shimo la msingi, msiviokote kuchezea. Viacheni palepale, mkamwambie mwalimu wa historia mara moja, kabla saruji haijafika.