Kwenda Bukoba na Watoto

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba tunachagua basi au meli. Tangu Juni 2025 mabasi yanavuka ghuba kwenye daraja la Kigongo–Busisi, bila kungoja kivuko. Meli ya MV Victoria ilirudi ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa.

Wengi wetu hatujasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 800. Kwa hiyo tukiona meli imejaa mno, tusipande. Tukishapanda, kabla ya kutandika kanga tuulize jaketi okozi ziko wapi, na kama zipo za watoto. Kila mtu mzima apangiwe mtoto wa kumwangalia usiku kucha. Anayetapika anywe maji kidogo kidogo.

Tukifika bandarini tupatane nauli kwanza. Bodaboda si ya kupakia mama na watoto watatu, afadhali teksi. Mjini tutembee kwa miguu hadi Kanisa Kuu, alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960. Watoto waelezwe habari zake.