Taa ya Sola, Masomo na Afya ya Mtoto

Leo tunazungumza juu ya taa anayosomea mtoto wako usiku.

Huku kwetu Nakuru na Baringo tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima giza huingia karibu saa moja jioni. Mtoto wa Solai, Mogotio au Kuresoi akishatoka shule, akachota maji na kufungia mbuzi, ndio kwanza anafungua daftari. Kama boma halina stima, anavuta koroboi karibu na ukurasa. (Ajabu ni kwamba umeme wa mvuke unatoka Olkaria, hapa hapa Naivasha, tangu 1981, na bado kuna maboma yanayoona nyaya zikipita tu juu.)

Ule weusi unaoutoa puani mwa mtoto asubuhi ni masizi. Wataalamu waliopima taa za utambi walikuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua hugeuka kuwa masizi. Chembe zake ni ndogo mno, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na mtoto anayesoma ameinamia moshi wenyewe. Macho yanawasha, anakohoa, na mwenye pumu anazidiwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani.

Evans Wadongo, aliyekulia magharibi mwa Kenya, aliharibiwa macho na moshi wa namna hiyo. Mwaka 2004, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alianza kutengeneza taa ya sola aliyoiita MwangaBora ili watoto wa vijijini waache koroboi.

Kuna hatari nyingine inayoumiza upesi zaidi. Mafuta ya taa huwekwa katika chupa ya soda, na mtoto mdogo mwenye kiu hajui tofauti. Akiyanywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa kama wazee walivyozoea: akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Akiungua na koroboi, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia.

Sasa tuje kwenye sola. Utasema ni ghali. Andika pesa za mafuta ya taa kwa wiki nne, kisha ulinganishe. Tangu 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, na bei haikukuhurumia. Wauzaji wengi hukubali ulipe kidogo kidogo kwa simu, lakini uliza kwanza jumla yote ni pesa ngapi, na kama ukikosa kulipa taa itazimwa. Dai waranti iliyoandikwa. Taa ya bei ya kutupa sokoni mara nyingi hufa kabla ya muhula kuisha.

Paneli iwekwe juani tangu asubuhi, mahali ambapo kivuli cha mti au paa hakifiki. Ukiiacha ndani ya dirisha haitashika moto vizuri. Marigat shida ni vumbi, kwa hivyo ifute kwa kitambaa chenye maji. Molo na Elburgon shida ni ukungu, na siku za mvua taa itawaka muda mfupi. Siku hizo masomo yatangulie, redio ingoje.

Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto kwake, kivuli kisianguke kwenye daftari. Na usimkeshe kwa sababu mwanga upo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku.

Betri ikichoka, isichezewe, isipasuliwe, isichomwe. Zile kubwa za sola, mfano wa za gari, zina madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watoto walipata sumu hiyo kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Irudishe kwa aliyekuuzia, na mpaka siku hiyo iweke juu, mbali na mikono midogo.