Kabla Mtoto Hajaingia Kwa Ngoma

Wakati wa mazoezi ya tamasha la muziki, watoto wengi hucheza ngoma asubuhi na mapema. Gilgil iko juu, karibu mita 2,000, na baridi yetu waijua. Misuli yenye baridi huwa imekaza. Mtoto akianza ghafla ngoma ya kuruka, kama ya Wamaasai, misuli yaweza kuchanika au kifundo cha mguu kuteguka.

Mfundishe kwanza atembee haraka, akimbie polepole, azungushe mabega, kiuno na vifundo, kisha aruke kidogo kidogo. Dakika 10 zatosha. Sweta asivue mpaka asikie joto mwilini. Tena anywe uji kabla ya kutoka.

Akiteguka, asiambiwe ajikaze amalize wimbo. Asimame hapo hapo. Weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15, na mguu uinuliwe juu ya mto. Najua nyanya atataka kumkanda kwa maji moto. Mweleze kwa heshima kwamba siku hiyo joto na kusugua huzidisha uvimbe. Mtoto akishindwa kupiga hata hatua 4, mpeleke hospitali siku iyo hiyo.