Orodha za albamu bora hazioni muziki unaovuka mpaka bila kifungashio

Januari 2025, jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 250 bora za karne hii ya 21. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Lemonade ya Beyoncé, iliyotoka mwaka 2016. Kama kawaida, mabishano yakaanza: nani kapendelewa, nani kaachwa.

Mfanyabiashara wa mpakani atauliza kwanza nani ameshika mizani. Mwaka 2003 jarida hilohilo liliiweka Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles juu ya albamu 500 bora za nyakati zote. Mwaka 2020 wapiga kura wapya waliitwa, na kiti kikachukuliwa na What's Going On ya Marvin Gaye. Sgt. Pepper ikashuka hadi nafasi ya 24. Albamu hizo hazikuwa zimebadilika hata noti moja. Waliobadilika ni wapimaji.

Swali la pili ni kinachopimwa. Wahakiki hupima albamu, yaani nyimbo zilizofungwa pamoja, zikapewa jina na jalada. Muziki wa ukanda huu kwa sehemu kubwa haukusafiri hivyo. Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki wa Tanzania na Kenya, ilijulikana kwa wimbo mmoja mmoja, hasa Sina Makosa. Enzi hizo santuri ndogo ndizo zilizotembea, wimbo mrefu ukikatwa vipande viwili, kila upande kimoja. Mwaka 2019 Innoss'B wa Goma alipomshirikisha Diamond Platnumz wa Tanzania katika marudio ya Yope, uliovuka mipaka ulikuwa wimbo, si albamu.

Ni kama mahindi yanayopita kwa debe na yale yaliyo ndani ya mfuko wenye chapa. Nafaka inaweza kuwa ileile, lakini mnunuzi wa mbali huulizia chapa.

Singeli inaonyesha jambo hilo. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakiucheza muziki huo kwenye vigodoro, nyimbo zikipita kutoka simu hadi simu, bila mhakiki wa Ulaya kuujua. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso na kuzitoa kama albamu, Sounds of Sisso. Sifa zikaja kutoka nje, na baadhi ya wasanii wa singeli wakaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mali ilitoka Dar es Salaam, kifungashio kikatoka Kampala.

Hasara ya kusafiri bila kifungashio humwangukia msanii. Kibandani, anayejaziwa nyimbo 200 kwenye flashi hulipa mwenye kompyuta. Mara nyingi faili halina hata jina la mwimbaji, seuze la mpiga gitaa. Wimbo ukipendwa ng'ambo ya mpaka, promota hajui amtafute nani.

Orodha za Marekani zitaendelea kutoka, nazo zitapima kilichofika mezani kwao. Ukanda huu una wasikilizaji, una studio, na una watu wanaojua mzigo gani unatoka haraka Namanga, Mutukula au Rusumo. Bado hauna orodha yake inayosomwa pande zote za mpaka, wala mazoea ya kuandika jina la msanii kwenye kila wimbo unaouzwa. La pili halihitaji kusubiri jarida lolote; linaweza kuanzia kibandani.