Kilo Mbili za Mbegu ya Viazi

Katika masoko ya Molo, Kinangop au Njombe viazi si kitu cha kutafuta. Vya kula huuzwa kwa debe, kwa ndoo, hata kwa fungu dogo lililopangwa juu ya gunia. Akitokea mwenye kijishamba nyuma ya nyumba akaulizia mbegu iliyothibitishwa, mambo hubadilika. Nchini Kenya mbegu hiyo kwa kawaida hufungwa kwenye gunia la kilo 50, lina lakiri na kibandiko cha KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, na muuzaji hakubali kulifungua ampimie mtu nusu.

Hesabu ndiyo inayomkwaza mteja huyu. Viazi hupandwa sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari na 30 kutoka shimo hadi shimo. Tuta la bustani lenye mita 10 za mraba huingia mashimo 44 hivi, na kiazi cha mbegu chenye ukubwa wa yai la kuku kina gramu 50 au zaidi kidogo. Anachohitaji, basi, ni kilo mbili na ushei. Gunia analoonyeshwa dukani lingetosha eneo la mita za mraba zipatazo 220. Limefungwa kwa ajili ya mwenye ekari, si mwenye ua.

Kwa hiyo wengi hununua viazi vya kula, huviacha kwenye kona yenye giza mpaka vichipue, kisha huvipanda. Na mara ya kwanza mavuno huweza kuwa mazuri tu. Hapo ndipo udanganyifu unapoanzia.

Kiazi mviringo si mzizi wala tunda. Ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na kila jicho lake ni matumba yaliyolala yakisubiri msimu. Mmea hutoa pia maua, na baadhi ya aina huzaa vitunda vya kijani vyenye sumu vinavyofanana na nyanya changa. Mbegu halisi zimo humo, ila kila moja huzaa mmea wenye tabia zake, kwa hiyo huwafaa zaidi watafiti wanaotafuta aina mpya. Mkulima hupanda kiazi chenyewe, naye hupata mmea uleule. Aina ya Shangi inayopandwa leo Nyandarua ni mwendelezo wa mmea mmoja uliokatwakatwa na kuzikwa upya msimu baada ya msimu.

Faida ya jambo hilo ni kwamba ladha haibadiliki. Hasara yake ni kwamba ugonjwa nao haupotei. Virusi vinavyosambazwa na vidukari huingia kwenye majani, hushuka hadi kwenye viazi, navyo vikipandwa hutoa mimea iliyokwisha kuugua kabla haijatokeza juu ya udongo. Majani hukunjamana au hupata mabaka ya manjano, viazi huwa vidogo zaidi kila msimu, na mwenye shamba hulaumu udongo.

Mnyauko bakteria ni mbaya zaidi, kwa sababu hujificha. Kwenye baridi ya nyanda za juu kiazi huweza kubeba bakteria wake bila dalili yoyote. Kiazi hicho kikishuka kutoka Kinangop hadi kwenye bustani ya Ruiru au Kitengela, joto huwaamsha. Mmea uliokuwa umesimama vizuri asubuhi huonekana mchana umelegea ilhali udongo una maji. Kuna kipimo kisichohitaji maabara: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Kama ni mnyauko, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huteremka kutoka kwenye mkato. Bakteria hao hubaki udongoni, na wanaoathirika si viazi peke yake. Nyanya, biringanya, pilipili na hata mnavu ni wa ukoo mmoja na kiazi. Mtu aliyeokoa shilingi chache kwenye mbegu huweza kupoteza pia nyanya zake za mwaka unaofuata.

Kisha kuna minyoo. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwa mara ya kwanza nchini Kenya minyoo vifuko wa viazi, ambao mayai yao hukaa ndani ya vifuko vigumu udongoni kwa miaka mingi. Tope kidogo lililoganda kwenye kiazi latosha kuwasafirisha.

Ndiyo maana mbegu safi hutoka mbali na kwa mwendo wa polepole. Scotland ilijijengea jina katika biashara hii kwa sababu ya baridi na upepo, hali ambazo vidukari hawazipendi. Kenya hutegemea miinuko kama Molo, pamoja na kituo cha utafiti cha KALRO kilichopo Tigoni karibu na Limuru. Safari huanzia kwenye mche mdogo ndani ya chupa ya maabara, uliopimwa na kuonekana hauna virusi. Baadhi ya miche hiyo hukuzwa bila udongo kabisa: mizizi huning'inia ndani ya sanduku lenye giza na kurashiwa ukungu wa maji yenye virutubisho, nayo huzaa viazi vidogo vinavyochumwa kidogo kidogo. Hivyo hupandwa shambani, hukaguliwa, huvunwa na kupandwa tena misimu kadhaa kabla ya kufika dukani. Lakiri ya gunia ni ushahidi wa safari hiyo yote. Ukiikata, kilo mbili unazopima hazina tena cha kuzitofautisha na viazi vya sokoni.

Hoja ya muuzaji ina mashiko, lakini humwacha mwenye bustani mlangoni. Uingereza wana jibu lao: kati ya Januari na Machi miji mbalimbali hufanya siku za viazi, ambapo watunza bustani huchagua mbegu moja moja kutoka kwenye masanduku ya aina nyingi. Afrika Mashariki jibu lililokaribia zaidi ni vipandikizi. Ncha za miche ya maabara hukatwa, huoteshwa mizizi kwenye trei, kisha huuzwa kwa idadi, kama miche ya kabichi. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima, kimeisambaza njia hiyo Kenya na kwingineko. Kipandikizi kimoja kikitunzwa huweza kuzaa viazi kumi hivi. Ishirini vikipandwa kwenye kipande ambacho hakijawahi kuota nyanya, hutoa mbegu 200, yaani zaidi ya matuta manne kama lile la mita 10. Sharti ni moja na ni gumu: mavuno ya kwanza yasiliwe.

Asiyepata vipandikizi anaweza kuchanga na majirani wakanunua gunia moja, wakalifungua siku hiyohiyo na kugawana. Shangi haitaki kucheleweshwa, maana huchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Viazi hutandazwa safu moja au mbili mahali penye mwanga usio wa jua kali. Chipukizi hubaki fupi, nene na za kijani, wakati zile za gizani hurefuka na kukatika njiani kwenda shambani. Kisu kiwekwe mbali. Wakulima wa Marekani hukata mbegu vipande, ila penye mnyauko kisu huhamisha bakteria kutoka kiazi kimoja hadi vyote vinavyofuata.

Baada ya hapo mbegu huweza kutunzwa nyumbani kwa njia ambayo wataalamu walianza kuwafundisha wakulima wa Kenya miaka ya 2000. Mimea ikianza kutoa maua, kabla majani hayajazeeka na kuficha dalili, kila shina lenye afya huchomekewa kijiti pembeni. Hukaguliwa tena wiki mbili baadaye, na lililoanza kuugua hung'olewa kijiti chake. Mashina yenye vijiti huvunwa kwanza, moja baada ya jingine, na kila rundo huangaliwa peke yake. Lililobeba viazi vingi vyenye umbo zuri huwekwa kando kwa kupandwa. Lililotoa viwili vitatu tu hupelekwa jikoni, hata kama majani yake yalipendeza.